Simu ya Mjomba Bernardo

Simu ile ilikuwa na mahali pamoja tu ilipokubali kusema: kwenye ukingo wa dirisha la chumba cha kulala, upande unaotazama Nachingwea, antena ikiwa imeelekezwa kwenye pengo la kati ya mikorosho miwili. Ukiisogeza kidogo kuelekea mlangoni, inaanza kukwaruza. Ukiipeleka sebuleni, inanyamaza kabisa. Bernardo alilijua hilo tangu siku aliyoileta nyumbani, na lilimkera kila alipolala na kila alipoamka, kwa sababu dirisha lenyewe lilikuwa juu ya kitanda, na mtu mwenye heshima zake hapokei maneno ya wakwe akiwa amepiga magoti kitandani.

Ilikuwa mwaka 2008. Simu yenyewe ilikuwa ya mezani, nyeupe, yenye mkono mkubwa kama za maofisini, ila haikuwa na waya wa kwenda popote. Nyuma ilikuwa na antena fupi ya kufunga kwa kuzungusha, na chaji yake ilitoka kwenye betri ya gari iliyowekwa uvunguni. Simu za mkononi zilikuwa zimeshafika Ruangwa na Nachingwea, na vijana wa kijijini walizinunua, lakini katika kijiji kile cha kata ya Nanganga zilikuwa za kusikilizia muziki tu. Hata ungezunguka shamba zima umeinua mkono, hupati kitu. Hii ya mezani ilikuwa na mtandao wake, mwingine kabisa, unaofika mbali zaidi. Waliomuuzia Bernardo walimweleza hivyo taratibu, kama mtu anavyomweleza mzazi wake. Baadaye alilisahau jambo hilo, au tuseme ukweli, alilipuuza.

Alilipuuza kwa sababu katika mambo ya mawimbi alijiona mjuzi. Wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji na vifurushi vichwani, yeye akakua akilima mihogo, kisha korosho, kisha ufuta, na shule aliiacha mapema. Lakini miaka ya tisini mwanzoni alinunua redio, akateremka bonde la Lukuledi kukata mwanzi mrefu kuliko yote, akausimika nyuma ya nyumba na kuufunga waya wa shaba kileleni. Redio ikaanza kuvuta stesheni ambazo hakuna jirani aliyewahi kuzisikia. Watu wakawa wanakuja jioni kusikiliza mpira na taarifa ya habari, wanakaa mpaka ukindu wa mikeka unawachora mapajani. Wakambatiza jina: Mzee Mlingoti. Wakati huo hata mvi hakuwa nazo, lakini jina alilipenda, na tangu siku hizo aliamini kwamba chombo chochote kinachosema hewani, kikisumbua, dawa yake ni waya.

Sasa, kwa nini mkulima wa korosho alihitaji simu? Kwa ajili ya Doreen, mpwa wake, mtoto wa dada yake Lusiana. Kwa Wamakonde mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Baba yake Doreen alikuwepo kwa muda, kisha hakuwepo. Doreen akiwa hajaanza shule, Lusiana alishikwa na uchungu wa mtoto wa pili katikati ya masika. Madaraja yalikuwa yamesombwa. Alihangaika nyumbani, akahangaika njiani juu ya lori lililokwama na kukwamuka, na alipofikishwa hospitali ya mbali akapasuliwa, hakuamka. Bernardo alikuwa amekaa nje ya mlango. Alichokiona kwa macho yake ni dada yake kuingia mle akiwa hai na kutoka akiwa amefunikwa shuka. Kwake yeye, kilichokuwa katikati ni kisu, na hakutaka kusikia habari nyingine.

Alimlea Doreen pamoja na mkewe Aurelia, nyumba moja na binti yao Getruda. Msichana akakua, mpole wa maneno lakini mgumu wa uamuzi, akaolewa Ruangwa mjini na Jonasi, fundi seremala, mtoto wa mama mmoja mjane aitwaye Klementina. Siku ya kumkabidhi, watu wameshakula na wanangoja ngoma, Bernardo alisimama. Alisema mambo ya kawaida ya kuombea ndoa, kisha akatoa lake. Alisema mtoto huyu ni wa marehemu dada yake, na kisu cha hospitali kisimguse mpaka wao wakwe wamsikie yeye mwenyewe, kwa sauti yake, amekubali. Asitumwe mtu. Isiletwe barua. Klementina alikubali mbele ya kadamnasi, na Klementina hakuwa mwanamke wa kukubali jambo kwa mzaha.

Kwa hiyo simu ilinunuliwa kwa ajili ya sauti hiyo. Bernardo aliwapa wakwe namba, akawaambia wapige wakati wowote. Kijiji kizima kilijua kwamba mjomba wa Doreen anapatikana hewani.

Aibu ilikuja mwezi wa tisa. Klementina alipeleka ujumbe kwamba atapiga simu siku ya Jumapili kueleza rasmi ujauzito wa Doreen umefikia wapi na hali yake inaendeleaje, na habari kama hiyo mjomba huisikia mbele ya wazee wenzake, amekaa kitini, nao wanaitikia. Bernardo aliwaita. Wakakaa sebuleni na kofia zao magotini. Simu ikalia chumbani. Bernardo akakimbia, akapanda kitandani, akapiga magoti, kichwa karibu kitoke dirishani, akawa anapayuka, "Ndiyo, mkwe! Nakusikia, mkwe!" na wazee wakawa wanasikia upande mmoja tu wa maneno, tena kupitia ukutani. Mmoja wao alipoaga alisema, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba hajawahi kuona mkwe anayeamkiwa kitandani. Kufikia jioni neno hilo lilikuwa limeshafika kilabuni.

Bernardo aliumia. Aurelia alimwambia wacheke wanavyocheka, mradi simu inasikika, lakini mumewe alikuwa ameshaamua kuwa simu itakaa sebuleni, juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, na itasikika hapo hapo.

Ndipo alipokwenda Nachingwea, msimu wa korosho umeanza na mji umejaa watu wenye haraka. Karibu na soko kulikuwa na Halfani, muuza vyombo vya umeme, kijana mwenye maneno laini. Bernardo alimweleza shida yake: kuna simu nyumbani, mtandao unaishia dirishani, anataka ufike sebuleni. Halfani akashusha kutoka rafuni kisanduku cheusi chenye taa mbili, akasema hiyo inaitwa busta, inapokea mawimbi hafifu, inayakuza, inayamwaga nyumba nzima. Aliuliza kama simu ni ya mkononi. Bernardo akajibu kwamba simu ni simu. Halfani naye alikuwa na wateja wengine wanamngoja. Akasema basi itafaa, akaifunga kwenye gazeti.

Usiku ule Aurelia aliigeuzageuza ile busta. Juu yake palichorwa simu ndogo ya mkononi, na hapakuwa na kitu chochote chenye sura ya simu yao. Aliuliza, kama swali tu la kawaida, iwapo mtandao wao si ule mwingine walioambiwa na wauzaji.

"Mawimbi ni mawimbi, Mama Getruda," Bernardo alijibu. "Mimi nimeanza kuyavuta wewe hujui hata kuwasha redio."

Aurelia akairudisha busta kwenye gazeti lake. Alikuwa ameishi na mtu huyu miaka mingi na alijua mahali pa kuishia.

Asubuhi yake kulikuwa na jua kali la kabla ya mvua. Doreen alikuwa amekwisha kupelekwa hospitali pale Ruangwa kungojea siku zake. Klementina alikuwa ametoa taarifa siku mbili kabla, kwenye dirisha lile lile. Mtu mwingine angesema ngoja kwanza mtoto azaliwe, mambo ya sebule yatafuata. Bernardo aliwaza kinyume. Habari ya kuzaliwa ndiyo alitaka kuipokea amekaa kitini.

Alipandisha antena ya busta kwenye mlingoti mpya wa mwanzi, akapitisha waya chini ya mapaa, akaunganisha na betri. Taa moja ikawaka nyekundu, ya pili ikawaka kijani. Alifurahi mpaka akamwita Aurelia aje aone. Akaiweka simu mezani, akanyanyua mkono wake, akasikiliza. Kimya. Akasogeza busta karibu. Kimya. Taa ya kijani ilikuwa inang'aa vizuri, na kwenye kioo cha simu vile vijiti vya kuonyesha mtandao havikuwepo hata kimoja.

Hapo ndipo alipofanya lile la kufanywa na Mzee Mlingoti peke yake. Aliona kwamba tatizo ni hewa iliyopo kati ya busta na simu, na kwamba vikiunganishwa kwa waya vitaelewana. Akaizungusha antena ya simu, akaitoa. Busta ilikuwa na waya wenye kichwa chake cha kufunga, lakini kichwa kilikuwa kinene na tundu la simu lilikuwa jembamba. Alijaribu kukilazimisha. Kilipokataa, alikikata, akamenya waya, akausokota, akausukuma ndani ya tundu kwa ncha ya msumari kama alivyokuwa akifanya kwenye redio. Akasikia kitu kidogo kikikatika. Ilikuwa sauti ndogo sana, ya mbegu ya ufuta chini ya jino.

Akachomoa waya. Akarudisha antena ya zamani, akaikaza. Akaibeba simu mbiombio mpaka chumbani, akaiweka dirishani, akaielekeza kwenye pengo la mikorosho. Hakuna kijiti. Akaigeuza kushoto, kulia, akaitoa nje ya dirisha kwa mikono yote miwili. Hakuna. Akaizima na kuiwasha. Jasho lilikuwa likimdondoka puani na kuanguka juu ya vitufe.

"Imekufa?" Aurelia aliuliza kutoka mlangoni.

Bernardo alisema imechoka tu, ipumzike. Aliketi kitandani akaitazama. Moyo wake ulikuwa umeingiwa na hofu, na hofu hiyo ilikuwa na jina: Doreen. Aliitazama simu mpaka jua likawa juu ya paa, akijiambia kuwa leo hawatapiga, mtoto wa kwanza huchelewa, kesho asubuhi atakwenda nayo Nachingwea wakaitengeneze. Mara mbili alidhani imelia, kumbe ni ndege.

Walipiga. Lakini alilijua hilo kwa mdomo wa mtu, si kwa simu. Mchana, Twalha, mnunuzi wa ufuta ambaye hupita vijiji vile kwa pikipiki, aliingia uani bila hata kuzima injini. Alikuwa ametoka Ruangwa. Alipitia hospitali kumjulia hali ndugu yake, akawakuta wakwe wa Bernardo kwenye ukumbi wa nje wameshikana na simu ya nesi.

"Mzee, wanakutafuta tangu asubuhi," alisema. "Mtoto amekaa vibaya. Daktari anasema apasuliwe, na mama mkwe amesema hapana, mpaka wakusikie wewe. Daktari amekasirika, mume analia, yule mama ameshikilia hapo hapo. Wanapiga, haiiti. Nimewaambia nitapita kwako."

Bernardo aliingia ndani, akavaa shati, akakosea vifungo, akatoka. Alichokiomba siku ya harusi, kwa sauti kubwa, watu wote wakaitikia, sasa kilikuwa kimemkalia mtoto shingoni. Na sauti waliyokuwa wakiingoja alikuwa nayo hapa, kooni kwake, haina pa kupita.

Twalha alikuwa anaelekea upande wa pili, lakini alikubali kumfikisha Nanganga barabarani. Bernardo alikuwa anapanda pikipiki Aurelia aliposhika bega lake.

"Baba Getruda. Unakwenda kusema nini?"

"Nikifika nitajua."

"Ujue sasa." Hakupandisha sauti, wala hakuliachia bega. "Dada yako hakuuawa na kisu. Aliuawa na njia. Nilikuwa juu ya lile lori, mimi ndiye niliyempakata. Nguvu zilikuwa zimeshamwisha kabla hatujafika, wale walijaribu tu. Nimekaa nayo miaka yote hii kwa sababu ulihitaji kitu cha kukasirikia."

Twalha aliangalia pembeni kwa adabu. Pikipiki ikaondoka.

Pale Nanganga magari ya kwenda Ruangwa mchana ule hayakuwepo. Alisimama juani akiwasimamisha hata wenye baiskeli. Hatimaye lilikuja lori tupu linalokwenda kupakia korosho, dereva akamruhusu apande nyuma, akakaa juu ya magunia matupu akishikilia kamba. Lori lilikuwa zee. Kila palipo na kilima lilinguruma na kupunguza mwendo mpaka angeweza kushuka na kulipita kwa miguu, na mara kadhaa alitamani kufanya hivyo.

Njiani alijaribu kutafuta atakachosema. Alianza na ndiyo. Alilitamka chini chini, mdomo ukiwa umejaa vumbi, na kila alipolitamka aliona shuka lile, na vidole vya miguu vya Lusiana vilivyojitokeza upande mmoja. Akajaribu hapana. Hapana ilitoka kwa urahisi, kwa sababu alikuwa ameisema moyoni miaka kumi na tano. Kisha akasikia tena mkewe akisema nilikuwa juu ya lile lori. Yeye mwenyewe siku ile alitangulia kwa baiskeli kwenda kutafuta watu wa kusukuma, na hakuona yaliyotokea nyuma. Hakuwahi hata kumuuliza Aurelia. Alilia kidogo, peke yake juu ya magunia, na upepo ukamkausha.

Kwenye kijiji kimoja dereva alisimama kuongea na mtu wa chama cha ushirika. Waliongea habari za korosho zilizolowana, wakacheka, wakakumbushana jambo lingine. Bernardo alivumilia, kisha hakuvumilia. Alipiga bati la lori kwa kiganja mpaka dereva akatoa kichwa, akamwambia kwa sauti ya kukatika kwamba kuna mtoto wake anakufa Ruangwa na wao wanaongea korosho. Dereva alimtazama, akaingia, akawasha gari. Hakusimama tena mahali popote.

Waliingia Ruangwa jua limeshalegea. Bernardo aliruka kabla lori halijasimama vizuri, akaumia kifundo cha mguu, akapita sokoni akichechemea kati ya watu na mabegi ya wasafiri wa mabasi, hasalimii wala haitikii. Alifika hospitali. Kwenye ukumbi wa nje alimwona Klementina amekaa kwenye benchi, amejifunika kitenge kichwani, na Bernardo akasimama hapo hapo. Mwanamke akifunika kichwa namna ile huwa ni mambo mawili, uchovu au msiba, na la pili hakuweza kulibeba.

Klementina alimwona. Akainuka, akaja kwa haraka, na badala ya kuangua kilio akapiga magoti nusu, akashika mikono yake yote miwili.

"Ahsante, mkwe," alisema. "Ahsante sana kwa sauti yako. Umetuokolea mtoto."

Bernardo alimtazama asielewe. Klementina aliendelea, maneno yakimtoka kwa mkupuo kama mtu aliyeyashikilia siku nzima. Walikuwa wamepiga mpaka wakakata tamaa. Doreen mwenyewe, taabani vile, ndiye aliyemwomba nesi Safina simu yake, akasema ajaribu mara moja ya mwisho. Na ikaita. Wote walimsikia akimwamkia mjomba wake, akimweleza alivyosema daktari, akinyamaza kumsikiliza, akijibu ndiyo mjomba, nimesikia mjomba. Kisha akawageukia akasema mjomba amekubali, tena amesema haraka. Klementina akatoa njia. Mtoto wa kike, mzima, analia kama wenziwe, na mama yake ameshazinduka.

"Simu yako ilisumbua, lakini wakati wa shida imesema," alimaliza.

Jonasi naye alikuja, macho mekundu, akamwamkia, akamshukuru vile vile. Bernardo aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anaona ile simu nyeupe ilivyolala dirishani, tundu lake limeharibika, haina kijiti hata kimoja. Furaha ilikuwa imemjaa na aibu ilikuwa imemjaa. Akaomba aonyeshwe alipo.

Wodi ilikuwa na joto. Nesi Safina, msichana mfupi mwenye miwani, alimpitisha bila kumtazama usoni, akajishughulisha na mambo yake mbali kidogo. Doreen alikuwa amelala chali, midomo imekauka, uso umepungua. Alipomwona mjomba wake alijaribu kujiinua, Bernardo akamzuia kwa mkono.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

Kitanda cha jirani mwanamke mmoja alikuwa anakoroma. Bernardo aliinama.

"Simu ilikuwa imekufa," alisema kwa sauti ya chini. "Niliiharibu mimi mwenyewe asubuhi. Haikuita."

"Najua haikuita. Nilikuwa nimeishika mimi."

"Uliongea na nani?"

"Na wewe," Doreen alisema. "Hukuwepo, lakini niliongea na wewe." Akapumzika kidogo, maana kila neno lilimvuta mshono. "Mjomba, nikuulize. Ningekupata, ungesema nini?"

Bernardo angeweza kudanganya. Mtoto alikuwa hai, mama alikuwa hai, uongo ungemkalia vizuri na hakuna ambaye angemdai ushahidi. Lakini alikuwa ameshindana na neno hilo njia nzima juu ya magunia, na alijua lilipoangukia.

"Ningewaambia wanisubiri nije," alisema.

Doreen akatikisa kichwa taratibu. Hakuonekana kukasirika. Alionekana mchovu tu.

"Daktari alisema tukichelewa saa moja zaidi, mtoto hayupo, na mimi labda. Nilijua utasema tusubiri, mjomba. Umenilea, ninakujua. Kila walipopiga nilikuwa nimefumba macho naomba usipatikane. Walipokuja kunieleza kuwa haiiti, nilimshukuru Mungu."

Maneno hayo yalimwingia Bernardo polepole, moja moja, na hakuwa na mahali pa kuyaweka. Mtoto aliyemlea kwa uji na dua alikuwa amelala hapa katikati ya maumivu, anaomba asimsikie. Alitaka kusema kwamba yote aliyafanya kwa kumpenda. Ilikuwa kweli, na aliona kwamba haisaidii kitu. Akakaa ukingoni mwa kitanda, kifundo kinampwita, akamshika Doreen vidole vya mkono, naye hakuuvuta mkono wake.

Klementina aliingia na mtoto aliyefungwa khanga, Jonasi na shangazi zake wawili wakimfuata kwa kunyata, ingawa nesi alikuwa amesema aingie mmoja mmoja. Wakazunguka kitanda. Klementina hakumkabidhi mtoto mara moja. Alisema, kwa heshima zote, kwamba wao kule nje walimsikia Doreen tu, neno la mjomba hawakulisikia wenyewe, na alichoahidi siku ya harusi ni kusikia kwa masikio yake. Basi kwa kuwa mkwe amefika, awarudie alivyosema, ili kusibaki jambo moyoni mwa mtu.

Safina alikuwa ameacha kukunja shuka. Doreen alikuwa anamtazama mjomba wake moja kwa moja, na kwenye uso ule mchovu palikuwa na woga ambao Bernardo hakuwahi kuuona tangu alipokuwa mtoto mdogo. Kama angesema hakuongea na mtu, Doreen angekuwa mwongo mbele ya wakwe zake maisha yake yote.

Bernardo alisimama.

"Nilisema apasuliwe," alisema, kwa sauti iliyosikika mpaka mwisho wa wodi. "Nilisema apasuliwe sasa hivi, na mimi nisisubiriwe."

Wakwe wakaitikia. Doreen aligeuza uso kuelekea ukutani na mabega yakaanza kumtikisika, na Klementina, akidhani ni uchungu wa mshono, akamwambia avumilie, kisha akamwekea Bernardo mtoto mikononi.